Kifuko cha utumbo: Mambo ya kupima kabla ya kukubali upasuaji

UPASUAJI wa kuondoa utumbo mpana wote na kutengeneza kifuko kwa utumbo mwembamba ni miongoni mwa maamuzi mazito anayoweza kutakiwa kuyafanya mgonjwa wa tumbo. Huondoa maradhi yaliyoshinda dawa, lakini hubadilisha namna mtu anavyokula, anavyokunywa na anavyokwenda haja kwa maisha yake yote.

Kwa mkazi wa Malili, Kaunti ya Makueni, uamuzi huo una uzito wa ziada. Malili iko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi, mahali ambapo Serikali ilinunua ekari 5,000 mwaka 2009 ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza. Upasuaji wa kiwango hiki hufanywa katika hospitali kubwa za rufaa, na kwa mtu wa Malili hiyo humaanisha safari ya Nairobi. Baada ya kutibiwa, mgonjwa hurudi katika ardhi kame ambako familia nyingi hununua maji kwa mtungi. Kwa hiyo maandalizi ya nyumbani yana uzito sawa na yale ya hospitalini.

Nani huhitaji upasuaji huu

Kuna magonjwa mawili makuu yanayofikisha mtu hapo. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo huchubua ukuta wa utumbo mpana na kumfanya mgonjwa aharishe damu kwa miezi au miaka. La pili ni ugonjwa wa kurithi unaootesha mamia ya vinyama ndani ya utumbo huo. Vinyama hivyo visipoondolewa, karibu kila mwenye ugonjwa huo hupata saratani, mara nyingi kabla ya umri wa miaka 50.

Hata hivyo, si kila anayeharisha damu ana kolaitisi. Katika Afrika Mashariki, amiba, kichocho na kifua kikuu cha utumbo huweza kuleta dalili zinazofanana nayo, na yote hayo hutibika kwa dawa. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuchunguzwa utumbo kwa kamera na kupimwa vipande vidogo vya nyama katika maabara. Uchunguzi huo husaidia pia kutambua ugonjwa wa Crohn. Wenye ugonjwa huo kwa kawaida hawashauriwi kutengenezewa kifuko, kwa kuwa maradhi huweza kurudi ndani yake na kukiharibu.

Kinavyotengenezwa

Zamani, aliyeondolewa utumbo mpana wote pamoja na sehemu yake ya mwisho alibaki na stoma ya kudumu, yaani tundu la tumboni ambalo kinyesi hupitia na kuingia katika mfuko uliobandikwa nje. Mwaka 1978, madaktari Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, walieleza njia ya kuunda kifuko ndani ya mwili na kukiunganisha na njia ya haja kubwa. Mwaka 1980, Joji Utsunomiya wa Japani na wenzake walieleza kifuko chenye umbo la herufi J, ambalo ndilo linalotumika zaidi hadi leo.

Daktari hukunja sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, yenye urefu wa sentimita 30 hadi 40, na kuishona iwe kama ghala dogo la kinyesi. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kwa awamu mbili au tatu. Kati ya awamu hizo mgonjwa huishi na stoma ya muda, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu, ili mishono ipone. Aliyedhoofika sana, au anayetumia dawa za steroidi kwa wingi, huondolewa utumbo mbovu kwanza, kisha kifuko husubiri hadi apate nguvu. Hivyo, hata ikilazimu kumpasua kwa dharura, uamuzi kuhusu kifuko unaweza kungoja.

Kifuko au stoma ya kudumu?

Wengi hukimbilia kifuko kwa kuogopa mfuko wa nje. Lakini kifuko hakimrudishi mtu katika hali yake ya zamani. Wengi hwenda haja mara nne hadi nane kwa siku, na wengine huamka usiku. Takriban nusu ya wenye kifuko cha kolaitisi hupata uvimbe wake angalau mara moja, ambao hutibiwa kwa viuavijasumu. Wachache, kati ya watano na kumi katika kila mia, hupoteza kifuko hicho kadiri miaka inavyopita na kurudia stoma.

Mwanamke anayetarajia kuzaa anapaswa kuliuliza jambo hilo mapema, kwa kuwa makovu ya upasuaji wa nyonga huweza kupunguza uwezekano wa kushika mimba. Baadhi huchagua kuishi na stoma hadi wamalize kuzaa. Aliye na misuli dhaifu ya njia ya haja naye huweza kuwa na nafuu zaidi kwa stoma ya kudumu, ambayo hukamilika kwa upasuaji mchache zaidi.

Maandalizi ya mwili na ya nyumba

Kabla ya kulazwa, upungufu wa damu hutibiwa, lishe huimarishwa, sigara huachwa, na steroidi hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Muuguzi huweka alama ya mahali pa stoma huku mgonjwa akisimama, akiketi na akiinama, ili mfuko usije ukakaa penye mkunjo au chini ya mshipi.

Nyumbani, la kwanza ni maji. Utumbo mpana husaidia kunyonya maji na chumvi. Ukiondolewa, hasa katika kipindi cha stoma, mtu hupoteza vyote viwili, na jua la Ukambani huzidisha hasara hiyo. Kunywa maji matupu kwa wingi hakutoshi. Pakiti za ORS zinafaa kuwekwa akiba. Zikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

La pili ni chakula. Muthokoi na isyo, pamoja na nyuzi za maembe na maganda ya ndani ya machungwa ambayo Makueni inasifika kwayo, huweza kuziba stoma katika wiki za mwanzo. Wali, ugali laini, viazi, mayai na ndizi mbivu hufaa zaidi. Vyakula vingine hurejeshwa kidogo kidogo, vikitafunwa vyema.

La tatu ni choo. Mtu atakayeamka usiku anahitaji choo kilicho karibu, taa, na maji ya kunawa. Familia inapaswa pia kujua mapema ni gari la nani litakaloitwa iwapo stoma itaacha kutoa kitu huku tumbo likisokota na mgonjwa akitapika, au iwapo itatoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku. Dalili hizo hazingoji asubuhi.

Gharama

Mpango wa MakueniCare, ulioanza mwaka 2016 kwa kila kaya kulipa Sh500 kwa mwaka, ulihusu hospitali za kaunti, ilhali upasuaji huu hufanywa nje yake. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na wengine hutozwa kulingana na tathmini ya mapato ya kaya. Inafaa kuiuliza hospitali, kwa maandishi, bima italipa kiasi gani kwa kila awamu, na ni nani atakayegharimia mifuko ya stoma. Kuishiwa fedha baada ya awamu ya kwanza huweza kumwacha mtu na stoma ya muda kwa miaka.

Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, na kuomba kukutanishwa na mtu anayeishi na kifuko au stoma. Iwapo maelezo hayakueleweka, ayatake tena kwa Kiswahili au Kikamba, kabla ya kutia sahihi.