Thomson wadogo kwenye kartoni: neema au hatari?

Thomson tunayemla na bukari hapa Lubumbashi si wa Mweru wala Tanganyika. Ni samaki wa Atlantiki, Trachurus capensis. Wengi huvuliwa Namibia, hugandishwa melini na kushushwa Walvis Bay, kisha malori ya baridi huvuka Zambia hadi Kasumbalesa. Utamtambua kwa doa jeusi ukingoni mwa kifuniko cha mashavu na kwa mstari wa magamba magumu ubavuni, yanayokwaruza vidole anapopaliwa.

Wateja wakiona wadogo watupu, husema bahari imekwisha. Kartoni moja haithibitishi hilo, kwani samaki hupangwa kwa ukubwa kabla ya kufungwa. Wakubwa wakiadimika kwa miezi mingi, hapo kuna la kuuliza.

Samaki huyu hutaga zaidi katika miezi ya joto, kuanzia mwisho wa mwaka. Wachanga hukulia karibu na pwani. Wakikomaa huhamia kwenye kina kirefu. Mchana hutulia karibu na sakafu ya bahari, usiku hupanda kula kamba wadogo mno. Kwa kuwa wachanga hukaa karibu na pwani, Namibia imepiga marufuku nyavu za kukokota penye kina kisichofika mita 200: wapate kukua.

Wadogo kuzidi kwenye nyavu kuna maana mbili. Huenda mwaka mmoja ulizaa sana, na hiyo ni neema. Au wakubwa wamevuliwa kupita kiasi, wakabaki watoto tu. Ili kujua ni lipi, wataalamu wa Swakopmund, Namibia, husoma umri kwenye kijiwe cha sikio la samaki, ambacho huongeza pete kadiri anavyokua. Meli ya utafiti Mirabilis nayo hupima makundi kwa mawimbi ya sauti. Idadi ikilinganishwa na umri, jibu hupatikana.

Tahadhari hii ina historia. Mwaka 1968 dagaa wa Namibia walivuliwa takriban tani milioni 1.4, miaka michache baadaye wakaporomoka, na mwaka 2018 uvuvi wao ukasimamishwa. Thomson naye alivuliwa zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo serikali ya Namibia huweka kikomo cha uvuvi wake kila mwaka.

Kikomo kikishushwa, kartoni yaweza kupanda bei Lubumbashi. Mama muuzaji ataumia msimu huo, lakini wakubwa wakikosa nafasi ya kutaga, miaka michache baadaye hatakuwa na cha kuuza.