Dhahabu Haitaji Kwao

Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mzigo wa mchimbaji mdogo hauuzwi pale bila maandishi. Kuna sababu. Dhahabu ya Geita ikishayeyushwa pamoja na ya Kahama, hakuna jicho litakalozitenganisha. Tatizo hilohilo linawakabili wanaochunguza misahafu ya kale iliyotiwa nakshi.

Mafundi wa zama hizo walisaga majani membamba ya dhahabu, wakayachanganya na gundi, wakapata wino. Kingo za herufi mara nyingi wakazizungushia rangi nyeusi. Maabara inaweza kupima fedha au shaba iliyomo humo. Lakini dhahabu hiyo huenda ilikuwa sarafu kabla ya kuwa wino, na bangili kabla ya kuwa sarafu. Kipimo peke yake hakitaji mji.

Ndiyo maana Msahafu wa Buluu, ulioandikwa kwa dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya nili, bado unagombaniwa: wapo wanaosema Tunisia, wengine Andalusia, wengine Iraki. Kurasa zake zimetawanyika kwenye makumbusho mbalimbali, na ukurasa wa hitimisho haujulikani uliko. Msahafu wa Ibn al-Bawwab, uliopo Dublin, hauna ubishi wa namna hiyo. Mwandishi mwenyewe alitaja mwishoni jina lake, mji wa Baghdad na mwaka 391 Hijria, yaani kama 1000 Miladia.

Kwetu Afrika Mashariki, mfano mzuri ni Siyu, kisiwani Pate, ambako misahafu ilinakiliwa katika karne ya 18 na 19. Nakshi za misahafu hiyo huwa hasa za rangi nyeusi, nyekundu na njano. Karatasi yake ilitoka Ulaya. Ukiielekeza karatasi ya namna hiyo kwenye mwanga, unaweza kuona alama ya kiwanda, kama ile ya miezi miandamo mitatu iliyotumiwa na Waitalia. Alama hiyo husaidia kukadiria umri, kwa kuwa maandishi hayawezi kuitangulia karatasi. Mahali, hata hivyo, haipataji: karatasi ya Italia haiufanyi msahafu kuwa wa Italia. Mji hujulikana kwa hitimisho la mwandishi, maandishi ya wakfu, na mtindo wa nakshi unaolingana na wa misahafu mingine ambayo kwao kunajulikana.

Kwa hiyo familia yenye msahafu wa babu, iwe Shinyanga mjini au Kahama, isikimbilie kwa sonara kuuliza kama rangi ile ni dhahabu. Ipige picha kurasa za mwanzo na za mwisho, majina yaliyoandikwa pembeni, na jalada lilivyo. Isibandike gundi wala kuchana jalada. Na akija dalali anayetaka ukurasa mmoja tu ule unaong'aa, akataliwe: kila ukurasa unaouzwa peke yake huondoka na sehemu ya ushahidi wa kwao.