Lami imefika Moyale, lakini jangwa lina sheria yake

ISIOLO ndipo walipojaza maji. Madumu manne ya lita 20 yalipangwa nyuma ya Land Cruiser kuukuu, hadi abiria akamuuliza mwenye gari kama wanasafiri au wanahama.

“Mwalimu, haya si maji yetu peke yetu,” alijibu dereva huku akifunga kamba. “Mengine ni ya barabara.”

Mwalimu ni mstaafu kutoka Moshi, Tanzania. Kwa zaidi ya miaka 30 alifundisha jiografia sekondari, na kila mwaka alichora ubaoni jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Rafiki yake, ambaye wenyeji wa Isiolo humwita Fundi, aliendesha malori ya mizigo na mifugo kwenda Moyale enzi zile barabara ikiwa mawe na vumbi. Walifahamiana Fundi alipompeleka binti yake kusoma Moshi, na urafiki ukaendelea kwa salamu za simu kila sikukuu. Ahadi yao ilikuwa ya siku nyingi: Mwalimu akistaafu, Fundi atampeleka akaone alichokuwa akikichora.

Kutoka Isiolo hadi Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, ni umbali wa takriban kilomita 500. Leo zote ni lami, na ni kipande cha ile barabara kuu inayokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town. Basi likitoka asubuhi hufika siku hiyo hiyo. Zamani lori lilichukua siku mbili au tatu, na mvua ikinyesha hakuna aliyehesabu siku. Abiria walikaa juu ya mizigo, pengine juu ya ng'ombe, na magari yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa kuhofia majambazi.

Baada ya kuvuka mto Ewaso Nyiro pale Archers Post, mlima Ololokwe ulijitokeza ukiwa na kilele bapa na kuta za mawe. Mbele yake ni Laisamis, kisha uwanda mkavu wa Kaisut. Mwalimu alikuwa na daftari na kila kilima alikiandika.

Fundi yeye alikuwa na kazi nyingine. Kila gari lililoegeshwa kando ya barabara alilisimamia. Lori lenye pancha, alisimama. Pikipiki iliyolazwa kivulini, alisimama. Vijana wengi walimshangaa. “Tuko sawa, mzee, endeleeni tu,” walisema, simu mkononi.

Aliposimama mara ya tano, Mwalimu alichoka. “Kwa mwendo huu, bwana, Moyale tutafika Krismasi.”

Fundi hakujibu.

Msitu katikati ya ukame

Marsabit ni mlima wa volkano uliosimama peke yake katikati ya nchi kavu, na kileleni kuna msitu na ukungu. Msafiri aliyetoka Kaisut na fulana iliyolowa jasho hujikuta jioni akitafuta sweta. Huku ndiko alikoishi Ahmed, tembo mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta aliagiza mwaka 1970 alindwe dhidi ya majangili. Alikufa mwaka 1974, na mfano wake, wa ukubwa wake halisi, umesimama katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Asubuhi iliyofuata, kaskazini ya mji, waliacha lami na kushika njia ya Maikona. Gari lilishuka kutoka kwenye ubaridi hadi kwenye nchi ya mawe meusi, kisha mawe yakaisha. Mbele yao Chalbi ilitanda, nyeupe kwa chumvi, bila mti wala kichuguu. Mbali kabisa palionekana kama ziwa, na ngamia wakitembea juu yake. Yalikuwa mazigazi.

“Zamani hapa palikuwa ziwa kweli,” Mwalimu alisema, sauti imemkauka. “Nimelisema hilo darasani kila mwaka.”

Kisha akaomba usukani. Alitaka afike katikati, asimame pale ambapo pande zote ni nyeupe. Fundi alimwonya asiache alama za magurudumu ya wenzake. Mwalimu alizifuata kwa muda, halafu akakata kushoto.

Mita chache tu zilitosha. Chalbi ikipata mvua hugeuka bwawa, na juu ikikauka, chini hubaki tope. Ganda la chumvi lilipasuka na magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli. Walipoweka jeki, nayo ikazama. Simu hazikuwa na mtandao. Ilikuwa saa saba mchana.

Fundi hakumlaumu. Alimimina maji kikombeni, akampa, akasema, “Kunywa kabla hujasikia kiu.”

“Leo kwako, kesho kwangu”

Ilikaribia saa tisa ndipo ngamia walipotokea, safari hii wa kweli. Mzee wa Kigabra na vijana wawili walikuwa wakipeleka mifugo kwenye chemchemi za Kalacha. Fundi aliwasalimu kwa Kiborana, salamu ya kuulizana amani ambayo haiishi upesi: amani ya watu, ya mifugo, ya malisho.

Salamu zilipokwisha, vijana walivua makubazi. Walilaza tairi la akiba chini ya jeki ili isizame tena. Wakaenda na turubai hadi ukingoni, wakarudi wameburuta mawe, wakajaza mashimo. Mwalimu naye alibeba mawe, ingawa mzee alimwashiria akae kivulini mwa ngamia. Jua lilikuwa linazama gari lilipotoka.

Mwalimu alitoa noti. Mzee aliziangalia, akamrudishia mkono wake taratibu. Fundi alitafsiri: wakati mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, kati ya 2020 na 2022, mzee huyu alipoteza sehemu kubwa ya mifugo yake, na maji ya kunywa yaliletwa na malori. Hakuna dereva aliyemuuliza yeye ni nani kabla ya kufungua bomba.

“Anasema leo kwako, kesho kwangu,” Fundi alimaliza.

Walichokubali wale vijana ni dumu moja la maji, kwa kuwa Kalacha ilikuwa bado mbali na usiku ulikuwa unaingia.

Marafiki hao walilala Kalacha, chini ya mikoche, karibu na chemchemi ambazo ndizo zinazofanya watu waweze kuishi hapo. Usiku huo Fundi alieleza kwa nini husimama.

Miaka ya misafara, alisema, lori lake lilichelewa likabaki nyuma peke yake katika uwanda wa Dida Galgalu. Alikuta lori jingine limesimama na mtu mmoja barabarani akipunga shati. Alidhani ni mtego wa majambazi. Utingo wake alimwambia asimame. Yeye akakanyaga mafuta. Moyale aliuliza, Isiolo aliuliza, na hakuna aliyejua lori lile lilikuwa la nani.

“Labda walipata msaada,” Mwalimu alisema.

“Labda,” Fundi alijibu. “Ila shati lile lilikuwa la bluu. Mpaka leo naliona.”

Dida Galgalu

Kesho yake walirudi kwenye lami na kuelekea kaskazini. Dida Galgalu ni mawe meusi ya volkano hadi macho yanapokoma, na barabara imepita katikati kama mstari wa rula. Mahali fulani Fundi aliegesha gari, akashuka. Hapakuwa na alama yoyote. Mwalimu alishuka pia, akasimama naye kimya, daftari likabaki kitini.

Basi lilipita kwa kasi. Halafu taa zake za breki zikawaka, likarudi kinyumenyume. Dereva, kijana mdogo, alitoa kichwa dirishani.

“Wazee, mko salama?”

“Salama, mwanangu,” Fundi alisema. “Asante kwa kusimama.”

Alasiri, baada ya Turbi na vilima vya mawe vya Sololo, waliingia Moyale, mji mmoja uliogawanywa na mpaka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2020 huwawezesha wasafiri na mizigo kukaguliwa mahali pamoja na maofisa wa nchi zote mbili. Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo anayekusudia kuvuka aulizie viza mapema. Anayetaka kuona Chalbi aepuke miezi ya mvua, aulize hali ya usalama Marsabit, na asiende bila mwenyeji.

Wao hawakuvuka. Walikunywa chai, wakageuza gari. Kabla ya kuondoka, Mwalimu alikwenda mwenyewe bombani, akajaza madumu yote na kununua jingine badala ya lile lililobaki Chalbi.

“Hamsini tu za kwetu,” alisema akiyapanga. “Mengine ni ya barabara.”