Upupu una dawa, ila haijapimwa vya kutosha

Upupu unaogopwa kwa sababu ya muwasho wa malaika ya maganda yake, lakini mbegu zake zina levodopa, kemikali ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson hospitalini. Ubongo huigeuza kuwa dopamini, ambayo hupungua kadiri seli zinazoitengeneza zinavyokufa, na inapoongezeka, mwili uliokakamaa hulegea. Anayedai kwamba mitishamba haina lolote kwa maradhi ya ubongo hana hoja. Hata galantamini, inayopunguza dalili za Alzheimer, asili yake ni maua ya Ulaya.

Hata hivyo, mmea kuwa na dawa ndani yake hakuufanyi kuwa tiba. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio nchini Bolivia: wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, na dozi moja ikawasaidia kama kidonge cha levodopa. Katika jaribio jingine, wagonjwa 14 walipoutumia kwa wiki 16, nusu yao waliuacha, wengine kwa matatizo ya tumbo, wengine kwa sababu mwendo wao ulizidi kuwa mbaya. Sababu moja inaeleweka. Kidonge huchanganywa na kabidopa, inayozuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika kwenye ubongo. Mbegu haina kinga hiyo, na kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu.

Wapo watakaosema vidonge ni ghali na vijijini havipatikani. Ni kweli, na utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi hawakuwa wamewahi hata kutambuliwa. Lakini umaskini hauhalalishi dozi ya kubahatisha. Unadai upupu upimwe haraka zaidi. Wengine wataona kipimo cha kisayansi ni dharau kwa waganga wetu. Basi watazame ginkgo, mmea wenye sifa kubwa duniani: Marekani iliujaribu kwa wazee zaidi ya 3,000, na mwaka 2008 ikabainika kuwa hauzuii kupotewa na kumbukumbu uzeeni. Kipimo hicho hakikubagua asili ya mmea. Katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kuna taasisi ya tiba asili. Ipewe fedha itengeneze unga wa upupu wenye kiwango kimoja na kuufuatilia kwa wagonjwa kwa miezi mingi. Mpaka hapo, mgonjwa asiache vidonge vyake ghafla, na anayetumia upupu amwambie daktari, kwa kuwa dozi hizo mbili hujumlishana mwilini.