Unyoya wa Kishale na Ufundi wa Nyumbani wa Kuushikisha

Kishale cha mchezo wa vishale, mchezo uliokulia katika baa za Uingereza na ambao leo unachezwa pia katika klabu na baa za Afrika Mashariki, kimeunganishwa kwa sehemu nne, nazo ni ncha ya chuma inayochoma ubao, kiwiliwili kizito cha shaba au tungsteni ambacho ndicho mchezaji hukishika, kijiti chembamba cha plastiki au alumini kinachofungwa kwa skrubu nyuma ya kiwiliwili, na mwishoni kabisa unyoya, yaani kipande cha plastiki nyembamba kilichokunjwa kikatoa mbawa nne zinazokaa mfano wa msalaba. Jina la unyoya linafaa hata pale ambapo hakuna ndege aliyenyonyolewa, kwa kuwa sehemu hiyo imerithi kazi ya manyoya yanayofungwa nyuma ya mshale wa uta. Ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, kwani uzito wake haufiki gramu 1, na ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu haikugandishwa wala haikufungwa kwa skrubu mahali pake, bali imechomekwa tu katika mkato wa msalaba ulio mwishoni mwa kijiti, ikabanwa na vidole vinne vilivyoachwa na mkato huo.

Ili kuelewa kwa nini unyoya uliolegea huharibu mchezo, yafaa kufuata safari ya kishale kutoka mkononi hadi ubaoni. Mchezaji husimama mita 2.37 kutoka uso wa ubao, ambao kitovu chake kiko mita 1.73 juu ya sakafu, na kishale humaliza umbali huo kabla sekunde 1 haijatimia. Hakuna mkono unaokiachia kishale kikiwa kimenyooka kabisa. Mara nyingi ncha huondoka imeinuka au imeinama kidogo, na kila kishale kinapokwenda mshazari, hewa huzipiga mbawa za nyuma kwa nguvu kuliko inavyokipiga kiwiliwili chembamba cha mbele, ikausukuma mkia urudi katika njia ile ile iliyopitiwa na ncha. Kishale kisicho na unyoya hakina cha kukirudisha, hivyo huyumba na pengine hufika ubaoni kikiwa kimelala ubavu. Hata unyoya ambao haujachomoka, ila mkunjo wake umekaa upande kwa sababu kidole kimoja cha kijiti kimelegea, hutosha kukipotosha kishale, na mchezaji asiyekagua vishale vyake huishia kuulaumu mkono usio na hatia.

Sababu za kuchomoka ni kadhaa, lakini kubwa ni vishale vyenyewe kugongana. Mchezaji mzuri huelekeza vishale vyake vyote 3 katika sehemu inayozidisha 20 mara tatu, na utepe wa sehemu hiyo una upana wa milimita 8 tu, kwa hiyo kishale cha pili na cha tatu hulazimika kupita kati ya mikia ya vilivyotangulia. Pigo la kutoka nyuma, ncha ikigonga pale mbawa zinapokutana, huuzamisha unyoya katika mkato na pengine kuupasua mkunjo wake, ilhali pigo la ubavuni huusokota na kuuchopoa. Vishale vinavyodondoka sakafuni hupata madhara ya namna hiyo hiyo. Halafu kuna uchovu wa kijiti chenyewe, kwani vidole vya plastiki vinavyokaa vimepanuliwa miezi na miezi hupoteza mnyumbuko, na vile vya alumini vikishapinda havirudi.

Hapa ndipo wengi wanaotengeneza dawa zao nyumbani wanapokosea, maana hudhani kwamba unyoya unaoshikwa kwa nguvu zaidi ndio unaoshikwa vizuri zaidi. Kishale cha pili kinapougonga unyoya wa kwanza, unyoya ukikubali kupinda au kutoka, kishale hicho huteleza ubavuni na kuingia ubaoni karibu na mwenzake. Unyoya usiokubali hukirusha kando au kukiangusha chini, na kishale kilicho sakafuni hakihesabiwi pointi. Kinachotakiwa basi ni mshiko unaostahimili mrusho na misukosuko midogo ya kawaida, lakini unaotii pigo kubwa. Ubao wenyewe hushika kwa namna hiyo: umetengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizosimamishwa wima na kugandamizwa pamoja, nazo hupisha ncha inapoingia, huikumbatia ikiwa ndani, na hujifunga tena inapotolewa. Jambo hili lingepaswa kueleweka upesi Afrika Mashariki kuliko kwingine, kwa kuwa mkonge ni zao la Tanga na Kilifi, na mbao za chapa ya Winmau zinazotundikwa katika mashindano makubwa ya Ulaya hutengenezwa Kenya.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko mchezo. Wahadzabe wanaowinda kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huyafunga manyoya ya mishale yao kwa ukano, yaani uzi unaotokana na mishipa migumu ya mnyama, ambao hulainishwa na kuzungushwa ukiwa mbichi ili unapokauka unywee na kubana zaidi. Vishale vya mbao vilivyochezwa Uingereza kabla ya kuenea kwa vile vya chuma vilikuwa na manyoya halisi ya bata mzinga. Mwaka 1898 unyoya wa karatasi iliyokunjwa ulipewa hataza nchini Marekani, hataza ikiwa ni haki ya kisheria ya mvumbuzi, na mwaka 1906 kiwiliwili cha chuma kitupu kikapewa hataza Uingereza. Karatasi ilikuwa rahisi na ilibadilishwa haraka, lakini ndiyo iliyoleta utaratibu wa kuchomeka badala ya kufunga, na kwa hiyo ndiyo iliyoleta adha ya kuchomoka ambayo plastiki ya leo, laini na yenye utelezi, imeizidisha.

Tiba ya kwanza, ambayo haihitaji kuongeza kitu chochote, ni kuvirekebisha vidole. Vidole vya alumini hupindwa ndani kwa koleo dogo, viwili vinavyotazamana kwa pamoja na kwa kiasi kidogo mno, kwa sababu alumini inayopindwa mbele na nyuma mara nyingi huchoka na kukatika. Vidole vya nailoni hufungwa pamoja kwa uzi bila unyoya ndani, kisha kijiti hutumbukizwa kwa dakika chache katika maji yaliyotoka kuchemka na baadaye katika maji baridi, nayo nailoni, ambayo hulainika kwa joto, hushika umbo jipya inapopoa. Njia hii haifai kwa vijiti vya polikaboneti, plastiki ngumu yenye kung'aa kama kioo, ambayo joto la maji yanayochemka halitoshi kuilainisha.

Tiba ya pili ni pete. Maduka ya vifaa vya mchezo huuza pete ndogo za springi zinazovikwa vidole vya kijiti, lakini fundi wa nyumbani hupata kilicho bora kutoka kwa fundi baiskeli, nacho ni kimpira chembamba kinachovikwa vali ya aina ya zamani ya tyubu, ambacho kikikatwa vipande vya milimita 2 au 3 hutoa pete nyingi zenye mnyumbuko wa kutosha. Pete huvikwa kabla ya unyoya, ikakaa juu ya sehemu ya mkato inayobaki wazi mbele ya mbawa, na mahali inapokaa ndipo siri yote ilipo. Ikiwa karibu mno na mashina ya vidole, haina nguvu ya kuvibana, kama vile mtu anayejaribu kuufunga mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba. Ikisogezwa nyuma kupita kiasi, huupanda ukingo wa mbele wa mbawa, ambao umekatwa mshazari, na badala ya kuushika unyoya huusukuma utoke. Mahali pazuri ni nyuma kadiri inavyowezekana bila pete kuzigusa mbawa. Mpira huu hata hivyo huzeeka, hasa ukiachwa juani, na unapoanza kuonyesha nyufa ndogo hauna budi kubadilishwa.

Kuliko pete, uzi ndio unaostahili sifa zaidi, kwa kuwa ni mwepesi, hauna gharama, haulegei kwa joto, na fundi ndiye anayeamua ubane kiasi gani. Hutumika uzi imara wa kushonea, ambao kwanza husuguliwa kwa nta ya nyuki kama wafanyavyo mafundi viatu, ili usiteleze na usinyonye jasho la mkono. Kipande cha unyoya mkuukuu huchomekwa katika mkato ili kuzuia vidole visifungane kabisa, kisha mwanzo wa uzi hukunjwa kuwa kitanzi kirefu kinacholazwa juu ya kijiti, kichwa cha kitanzi kikielekea upande wa unyoya na ncha fupi ya uzi ikielekea upande wa kiwiliwili. Sehemu ndefu ya uzi huzungushwa juu ya kitanzi hicho kuanzia upande wa kiwiliwili, kila mzunguko ukiegemea ule uliotangulia bila kuupanda, hadi itimie mizunguko 6 au 7 na kichwa cha kitanzi kibaki kinachungulia. Hapo ncha ndefu hupitishwa ndani ya kitanzi, na ncha fupi huvutwa polepole hadi kitanzi kizame chini ya mizunguko kikiwa kimeikokota ncha ndefu pamoja nacho, ndipo masalio ya pande zote mbili hukatwa sambamba na kijiti. Hakuna fundo linalobaki juu ambalo kidole au kishale kingine kingelikwaruza, na unyoya unaweza kubadilishwa mara nyingi bila kuugusa ufungaji huo.

Wapo wanaotaka uhakika zaidi, nao hutoboa mbawa karibu na mkunjo wa katikati, pale zinapokutana na vidole, wakapitisha uzi au pete katika matundu hayo na kukizunguka kijiti. Unyoya wa namna hiyo hautoki kwa urahisi, na kwa mchezaji anayeanza, ambaye vishale vyake huanguka sakafuni mara nyingi kuliko kugongana, hilo ni jambo la manufaa. Tundu lenyewe lapaswa kutobolewa kwa sindano iliyopashwa moto badala ya mkasi, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka huacha ukingo mnene wa mviringo unaozuia mpasuko, ilhali tundu lililokatwa huwa na kona ambamo mpasuko huanzia. Unene wa plastiki nao huhesabika, kwani unyoya wa mikroni 150, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, huvumilia tundu kuliko ule wa mikroni 75.

Gundi ya papo hapo, ile inayoganda kwa sekunde chache, ndiyo dawa inayokimbiliwa na wengi na ndiyo inayofaa kukataliwa bila kusitasita. Haishikani vyema na poliesta laini ambayo kwayo manyoya mengi hutengenezwa, huwa ngumu na yenye kupasuka kwa pigo, na pale inapofaulu kushika humlazimisha mchezaji akitupe kijiti kizima kila unyoya unapochakaa. Tone dogo la nta ndani ya mkato huongeza mshiko bila madhara hayo, ingawa peke yake haliwezi kuviokoa vidole vilivyochoka. Waya mwembamba wa shaba pia hutumiwa, nao hushika kweli, ila huongeza uzito mkiani na kukisogeza nyuma kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo kishale kikiwekwa juu ya kidole hutulia bila kuinama upande wowote. Kadiri kitovu hicho kinavyosogea nyuma ndivyo mbawa zinavyokosa nguvu ya kukinyoosha kishale, kwa hiyo kila kinachoongezwa mkiani kinapaswa kuwa chepesi kadiri iwezekanavyo.

Mchezaji anayeogopa kwamba ufundi wa nyumbani utamzuia kushindana rasmi anaweza kuondoa shaka. Kanuni za Shirikisho la Vishale Duniani zinataka kishale kisizidi gramu 50 wala urefu wa sentimita 30.5, na zinaruhusu sehemu iliyo nyuma ya kiwiliwili iwe na vipande visivyozidi 5, kikitajwa miongoni mwake kifaa cha kuushikilia unyoya. Kimpira cha vali kinaingia katika idadi hiyo bila taabu, na uzi kadhalika. Anayetaka kujaribu na aanze na kishale kimoja, akirushe kwa siku kadhaa pamoja na viwili ambavyo havijafungwa, kisha alinganishe. Na akiridhika, uzi wa mita 1 unatosha kuvifunga vyote 3.