Mboga zavunwa wakati wa theluji bila kuchoma mafuta

KATIKA jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, wakulima wengi wa mboga hufunga mashamba yao mwezi Oktoba. Theluji ikianza kuanguka udongo huganda, na sehemu kubwa ya mboga za majani zinazouzwa madukani huletwa kwa malori kutoka California na Arizona, safari ya zaidi ya kilomita 4,000.

Mkulima mdogo anayefunga shamba hukosa mapato kwa miezi kadhaa, na wateja wake huzoea kununua kwingine. Anayeamua kupasha joto kitalu nyumba naye hukabiliwa na gharama ya mafuta au gesi, ambayo inaweza kumeza faida yote.

Njia ya tatu imeonyeshwa na Eliot Coleman, mkulima wa Harborside, kijiji cha pwani ya jimbo hilo. Mwaka 1968 alinunua eka 60 za msitu kwa dola 33 kwa eka, akafyeka na kuanza kilimo kisichotumia kemikali za viwandani. Kitabu chake cha mwaka 2009, The Winter Harvest Handbook, kinaeleza namna alivyovuna mboga majira yote ya baridi, baadhi yake katika mabanda yasiyo na chanzo kingine cha joto zaidi ya jua.

Kufunika mara mbili

Jambo la kwanza ni kufunika mboga mara mbili. Juu kuna banda la nailoni. Ndani yake, matuta hufunikwa tena kwa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, hewa na maji, kikishikiliwa na waya kiasi cha sentimita 30 juu ya udongo. Kitambaa hakiachwi kiguse majani, kwani yakiganda hushikamana nacho na kuharibika.

Kwa hesabu ya Coleman, kila tabaka ni sawa na kulihamisha shamba kilomita 800 hivi kuelekea kusini. Mboga iliyo chini ya tabaka mbili huishi kana kwamba iko Georgia, ingawa nje ya banda ni theluji tupu. Jiko la banda hilo ni udongo wenyewe, ambao hupokea joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku.

Mwanga na tarehe ya kupanda

Wengi hudhani kinachozuia mboga kukua ni baridi peke yake. Mwanga nao una sehemu kubwa. Siku inapokuwa na mwanga wa chini ya saa 10, mimea karibu husimama kukua. Huko Harborside hali hiyo huanza mapema Novemba na kuisha mapema Februari.

Kwa sababu hiyo, mbegu za mboga nyingi za baridi hupandwa Agosti na Septemba, ili giza likute mimea imekaribia kukomaa. Kuanzia hapo banda huwa kama ghala la mboga hai, na mkulima huchuma kidogo kidogo kile alichokwisha kukikuza. Anayechelewa kupanda kwa wiki mbili tu anaweza kusubiri mavuno kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Tatizo ni kwamba Agosti banda bado limejaa nyanya. Coleman alilimaliza kwa mabanda yanayohamishika. Mboga za baridi hupandwa nje, kando ya banda, na msimu wa nyanya ukiisha banda zima huvutwa hadi juu ya mboga hizo.

Mboga zinazofaa

Si kila mboga huvumilia hali hiyo. Zinazofaa ni jamii ya sukuma wiki, saladi ndogo iitwayo mâche, na spinachi halisi, ambayo si ile ya majani mapana na mashina meupe inayouzwa kwa jina hilo katika masoko mengi ya Afrika Mashariki. Majani yake huganda usiku na kulainika jua likitoka. Hapo ndipo huchumwa. Yakichumwa yangali yameganda, hunyauka na kuoza.

Baridi pia huongeza utamu. Mmea hukusanya sukari ndani ya seli zake ili maji yaliyomo yasigande upesi, na mteja huionja sukari hiyo mezani.

Nyanda za juu

Kwa wakulima wa Njombe na Makete nchini Tanzania, au Kinangop nchini Kenya, hakuna theluji shambani, lakini jalidi, yaani umande unaoganda usiku, huunguza mazao. Nafuu yao ni kwamba karibu na ikweta mwanga haupungui sana. Hata katikati ya kipupwe, siku ya Njombe ina zaidi ya saa 11 za mwanga, hivyo mboga huweza kuendelea kukua. Kinachohitajika zaidi ni kinga ya usiku.

Jalidi hutokea hasa usiku wa anga safi usio na upepo, na hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni. Mkulima anayepanda mazao ya msimu wa joto mteremkoni, akaacha bondeni pawe pa kabeji na sukuma wiki, amekwisha kupunguza hasara kabla ya kununua chochote. Udongo wenye unyevu nao hutunza joto kuliko udongo mkavu.

Kwa miche michanga, kitambaa chepesi juu ya fito au waya, kinachofunikwa jioni na kufunuliwa asubuhi, kinatosha kwa kuanzia. Ni busara kujaribu tuta moja kwanza na kulilinganisha na lililoachwa wazi, kisha kupiga hesabu ya gharama ya kitambaa na bei ya mboga sokoni, kabla ya kutumia fedha kufunika shamba zima.