Betri Moja, Ncha Mbili za Mto Tana

Mtu wa Minjila akifungua karatasi ya maelezo ya betri ya lithiamu na kukuta onyo kwamba isichajiwe chini ya nyuzi 0, ana haki ya kucheka. Hapa njia panda, ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika, moja ikielekea Lamu na nyingine ikipanda Hola na Garissa, barafu huonekana ndani ya friji ya duka la soda na si kwingine. Baridi inayofahamika ni ile ya kusi, mwezi wa Julai, na dawa yake ni shuka moja la ziada.

Lakini maji ya mto yanayopita Garsen, jirani na hapa, hayakuanzia kwenye joto hili. Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, wenye takriban kilomita 1,000, hupata maji yake Nyandarua na Mlima Kenya. Huko Kinangop kuna asubuhi ambazo mashamba ya viazi huamka yamefunikwa na umande ulioganda. Mlimani, ambako kilele cha Batian kimefika mita 5,199, usiku hushuka chini ya nyuzi 0 mwezi wowote wa mwaka, ingawa ikweta iko hatua chache tu. Betri za sola zinazouzwa kule na zinazouzwa huku hutoka viwanda vile vile, na karatasi ya maelezo ni ile ile. Kwa hiyo onyo si la kutupwa, bali linahitaji kusomwa kwa macho ya mahali ulipo.

Ndani ya betri, ioni za lithiamu husafiri kati ya pande mbili kupitia elektrolaiti. Wakati wa kuchaji huelekea upande wa grafiti, na hapo kazi yake ni kupenya katikati ya matabaka ya kaboni. Seli ikiwa baridi, ioni hupenya kwa uvivu, ilhali chaja inazidi kuzisukuma kwa kasi yake ya kawaida. Hutokea yale ya steji basi linapochelewa: abiria wanazidi kufika, mlango unapitisha mmoja mmoja, umati unajazana nje. Ioni zilizokosa nafasi hupokea elektroni papo hapo na kugeuka metali ya lithiamu juu ya uso wa grafiti. Sehemu ya metali hiyo hurudi kazini betri inapotumika. Iliyobaki imepotea, na uwezo wa betri kuhifadhi umeme umepungua kwa kiasi hicho. Ikizidi kurundikana, inaweza kuota miiba itakayotoboa utando unaotenganisha pande mbili, na betri ikapiga shoti kwa ndani.

Kinachoudhi ni kwamba siku ya pili huoni kitu. Volti ni zile zile, taa zinawaka, fundi akipima anakwambia betri ni nzima. Hasara hudhihirika miezi baadaye, na lawama humwendea muuzaji.

Kutoa umeme kwenye baridi ni jambo jingine kabisa. Tochi ya mpanda mlima hufifia mapema usiku wa manane, lakini betri ikipata joto nguvu hurejea. Ndiyo maana wazoefu hulala na simu ndani ya mfuko wa kulalia. Vifaa vingi vya ulinzi, vile ambavyo mafundi huviita BMS, vimeundwa vikijua tofauti hiyo: betri ikipoa mno hufunga njia ya kuchaji na kuiacha wazi njia ya kutumia.

Saa ya hatari nyanda za juu ni asubuhi. Jua linachomoza, paneli iko juu ya paa na imeamka tayari, tena paneli ya sola hutoa volti nyingi zaidi ikiwa baridi. Betri nayo iko stoo, nzito, imelala usiku kucha kwenye sakafu ya saruji, na itachukua saa kadhaa kabla ya moyo wake kupata joto. Isitoshe imetumika usiku kwa hiyo ina njaa, itapokea mkondo wowote inaopewa. Kipima joto kikiwa kimebandikwa ukutani badala ya kubandikwa kwenye seli, kitaona hewa imepoa kidogo tu na kuruhusu chaji. Na ile nyuzi 0 si ukuta. Hata kwenye nyuzi 5, mkondo mkubwa unaweza kuleta madhara yale yale, kwa hiyo chaji ya pole ndiyo salama mpaka seli zipate joto. Tiba haina uchawi: iweke betri kwenye chumba cha ndani kisichopoa sana, ndani ya sanduku lenye boriti chini yake, au nunua yenye pedi ya kupasha moto ambayo hutumia umeme wa paneli kwanza kuamsha seli ndipo chaji ifuate.

Tukirudi Minjila, pedi hiyo ni pesa iliyotupwa. Sanduku lililofungwa kila upande ni baya zaidi, maana linatunza joto ambalo betri yenyewe inalizalisha.

Hapa ndipo hesabu za wanunuzi wengi huenda upande. Baridi hudhuru betri wakati wa kuchaji. Nje ya saa hiyo, baridi ya kiasi ni rafiki yake: betri iliyokaa tu rafuni Kinangop huzeeka polepole kuliko pacha wake aliyekaa tu rafuni Minjila. Joto halingoji chaji. Wakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwendo wa kemia nyingi hukaribia kuongezeka maradufu. Elektrolaiti huendelea kuvunjika taratibu, na tabaka jembamba lililo juu ya grafiti huendelea kunenepa likila lithiamu, usiku na mchana, betri ikitumika au isipotumika. Ikiwa imejaa pomoni, hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo sababu betri za akiba dukani zinafaa kuwekwa na chaji ya karibu nusu.

Aina ya fosfati ya chuma, iliyotoka katika maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990, imesaidia sana nchi za joto kwa sababu haiwaki kwa urahisi. Lakini betri hiyo nayo kwa kawaida ina grafiti upande wa pili, kwa hiyo haijaepuka baridi wala uzee wa joto.

Basi iwekwe wapi? Chini ya mabati, hewa ya saa nane mchana huunguza, na mafundi wanapenda kuifunga betri juu, mbali na watoto. Sakafuni kuna ubaridi, lakini huku ni bonde la Tana: mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yalihamisha watu na kukata barabara. Mimi ningeiweka usawa wa kiuno, kwenye ukuta wa udongo usiopigwa na jua la alasiri, chumba cha makuti kikiwepo. Betri iliyozama kwenye maji ya matope isichajiwe tena, hata ikionekana kavu.

Kabla ya kulipa, kama waya wa kipima joto unafikika, mwombe fundi aujaribu betri ikiwa haijajaa na jua likiwa kali. Tia vipande vya barafu na chumvi kwenye mfuko wa plastiki, maana chumvi hushusha barafu chini sana ya nyuzi 0, kisha uubane mfuko kwenye kipima joto. Chaji inapaswa kukatika na taa ziendelee kuwaka. Kisha ondoa mfuko, ngoja chaji irudi, ndipo ubadilishe: weka chupa ya maji yaliyotoka jikoni yakichemka. Chaji inapaswa kukatika tena. Betri ikifaulu jaribio la barafu na kufeli la chupa, inaweza kumfaa mtu wa Kinangop. Wewe wa Minjila mwachie muuzaji.